Mwenyekiti wa Nyuma ya Pazia

Swalehe Kindamba alikuwa amekwisha zikwa Inspekta Mwanaidi alipofika Nyamisati. Hakulalamika. Watu wa pwani hawakai na maiti, na huyu alikuwa amelala majini usiku kucha kabla wakata boriti hawajamkuta amenasa kwenye mizizi ya mikoko. Mganga wa zahanati aliyeitwa kumwangalia aliandika kwamba marehemu alizama, kisha akaongeza mstari mmoja uliomtoa Mwanaidi Dar es Salaam: mdomoni, puani na kwenye kucha za marehemu hakukuwa na tope hata chembe.

"Mto huu wote ni tope," alisema Koplo Mudrick, dereva wake. Alikuwa ameegemea Landrova akitazama maji ya kahawia yakijaa taratibu kati ya mikoko. "Mtu akizama humu anatoka kama kafinyangwa."

"Na alikuwa mvuvi," alisema Mwanaidi. "Kaogelea humu tangu anajifunza kutembea."

Ilikuwa asubuhi ya saa nne, lakini mawingu ya masika yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vichwa vya minazi na mwanga ulikuwa kama wa magharibi. Mvua haikunyesha wala haikukatika. Bandarini boriti zilikuwa zimerundikwa bila mpagazi. Mwanaidi alikuwa ameambiwa kwamba mgeni wa Nyamisati husikia injini ya kiwanda cha barafu kabla hajauona mto. Alisimama akasikiliza. Alisikia maji yakipenya kwenye matundu ya kaa, basi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la bati, nalo lilikuwa baridi ndani ingawa mashine zilikuwa zimezimwa. Mwishoni mwa banda pande moja la barafu lilikuwa limesahauliwa juu ya magunia, nalo likidondoka tone kwa tone. Kando yake alisimama Badru, meneja wa kampuni, mtu wa makamo aliyevaa shati jeupe na buti za mpira.

"Karibu, afande. Umetukuta katika hali hii."

"Injini mmeizima lini?"

"Tangu juzi. Dizeli hakuna."

"Nasikia miaka miwili ya mwanzo haikuzimika hata siku moja."

Badru alipangusa mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa misafi. Alieleza kwa lugha ya mtu aliyezoea kueleza mabenki. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kikafa. Ulipokuja ubinafsishaji, watu wa hapahapa wakachanga, wakakinunua na kukiita Barafu ya Delta. Mwenye hisa nyingi alikuwa Mzee Abdulswamadu, mfanyabiashara wa boriti, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi. Badru akawa meneja. Swalehe akawa mjumbe wa tatu, kwa niaba ya wavuvi.

"Tulifanya vizuri, lakini kidogo kidogo," alisema. "Tunauza barafu kwa wavuvi, faida tunanunulia mtambo mwingine. Mzee hakutaka kusikia habari ya mkopo. Mimi nikamwambia, sasa ni ruksa, nchi imefunguka, wenzetu wanapeleka kamba Ulaya. Tununue boti ya kugandishia. Alikataa na kukataa, mwisho akakubali."

"Mkopo wa dola."

"Boti inauzwa kwa dola, afande."

"Na barafu mnauza kwa shilingi."

"Shilingi imeanguka. Hilo si kosa la meneja."

"Dhamana mliweka nini?"

"Kiwanda." Badru aliinama akasukuma gunia chini ya lile pande la barafu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Benki haisubiri. Tulianza kuilipa kwa fedha ya dizeli. Barafu ikapungua, wavuvi wakaanza kuuza kamba wao kwa wachuuzi wa nje. Ndiyo ukatuona tulivyo."

"Nani aliridhia kukiweka kiwanda rehani?"

"Bodi nzima. Sheria yetu inasema jambo kama hilo lazima mwenyekiti aliridhie kwa kinywa chake mwenyewe, kikaoni. Na aliridhia. Swalehe alikuwepo, akasikia."

"Akasikia," alirudia Mwanaidi.

"Mzee alipooza mwaka jana. Hapendi kuonwa katika hali ile. Vikao tunafanyia nyumbani kwake. Yeye yuko chumbani, sisi ukumbini. Katikati kuna pazia."

Mwanaidi aliomba kuiona boti. Ilikuwa imelalia ubavu kwenye tope nyuma ya banda, nyeupe, jina lake limeandikwa kwa rangi ya kijani: Neema ya Delta. Tangu siku ilipoletwa haikuwahi kufika Mafia na kurudi. Mwanaidi aliizunguka polepole. Karibu na omo, upande wa mbele, mtu alikuwa amekwangua rangi kwa kisu, sehemu ndogo isiyozidi kiganja. Chini ya weupe kulikuwa na rangi ya bluu, na juu ya bluu kipande cha herufi. Alitoa ufunguo mfukoni, akaendelea pale mkwanguaji alipoishia. Ikatokea N, kisha A, kisha S.

"Mliinunua kwa nani?"

"Kwa kampuni moja ya Dar."

"Mpya?"

"Mpya kwetu," alisema Badru.

Mwanaidi alirudisha ufunguo mfukoni.

Mjane wa Swalehe alikuwa amekaa eda. Polisi wa kiume waliokuja mwanzo walikuwa wamezungumza naye wakiwa nje ya mlango, yeye ndani, na hawakupata kitu zaidi ya vilio. Mwanaidi alivua viatu, akaingia, akaketi mkekani karibu naye mpaka magoti yao yakagusana. Zaitun alikuwa mwanamke mwembamba, macho yake makavu.

"Pole sana, mdogo wangu."

"Nimeshapoa, dada. Wamenipoza wote. Hata Baba Nasra alikuja, akaleta mchele."

"Baba Nasra ndiye nani?"

"Meneja. Badru. Binti yake wa kwanza anaitwa Nasra."

Mwanaidi hakubadili uso. Aliuliza, "Mumeo alikwangua rangi ya boti?"

"Alikwangua. Akarudi akaniambia, mama, tumeuziwa mkebe, na aliyetuuzia anakaa nasi kikaoni. Akataka Mzee aitishe mkutano wa wanahisa wote. Basi wakakaa kikao. Akarudi hali chakula."

"Mzee alikataa?"

"Mzee alisema boti ni nzuri na Swalehe ni fitina." Zaitun aliteremsha sauti, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. "Lakini si hilo lililomkatisha hamu ya chakula. Aliniambia, Zaitun, Mzee ana makoo mawili. Moja linasema, moja linakoroma."

Nje maji yalikuwa yamefika karibu na ua. Yalisikika yakilamba magogo ya msingi.

"Watu wanasemaje?"

"Wanasema ni jini. Wengine wanasema Mzee alikufa siku nyingi, kilichobaki mle ni sauti. Wanawake hawapiti nyuma ya nyumba ile siku hizi. Mwajabu wa kwa jirani alikwenda kuokota kuni kwenye mikoko mchana kweupe, akamsikia Mzee anakohoa pembeni yake. Mzee ambaye hawezi kuinuka kitandani. Akatupa kuni, akakimbia."

"Na Swalehe alisema nini?"

"Alisema jini halina haja na mkopo wa benki." Zaitun alivuta ukingo wa mkeka. "Kesho yake akasema anakwenda kumjulia hali Mzee, peke yake, hakuna kikao. Akavaa makubazi yake akatoka. Sikumwona tena."

"Makubazi ya namna gani?"

"Ya tairi. La kushoto ukanda ulikatika, nikamshonea kwa uzi wa wavu, wa bluu."

"Alipookotwa alikuwa amevaa nini miguuni?"

"Hakuwa na kitu," alisema Zaitun. "Nilimwosha miguu mimi mwenyewe. Ilikuwa misafi kama ya mtu aliyetoka kusali."

Badru alishikilia kumsindikiza. Alisema Mzee huogopa wageni, na kwamba bila yeye Mwanaidi hatajibiwa. Walipita kati ya nyumba, Koplo Mudrick nyuma yao. Mwanamke aliyekuwa akitwanga mlangoni mwake aliona wanakoelekea, akaacha mchi ndani ya kinu na kuingia ndani bila salamu. Kuanzia hapo hawakuona mtu mwingine. Njia ilikuwa ya michanga iliyolowa, na pande zote mbili mikoko ilikuwa imesogea mpaka karibu na nyumba.

Nyumba ya Mzee Abdulswamadu ilikuwa kubwa kuliko zote, na madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa. Bi Siti, mke wake, aliwapokea. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa upole, na alipomsalimia Mwanaidi alimtazama Badru kwanza. Mudrick alibaki barazani. Ukumbini ubani ulifukizwa mwingi, lakini chini ya ubani kulikuwa na harufu ya mgonjwa aliyelala muda mrefu. Viti vilipangwa kuelekea pazia zito la kijani lililoziba mlango wa chumba.

"Mzee," Badru alisema kwa adabu, "mgeni amefika."

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Ilikuwa sauti ya mtu mkubwa hasa, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni mwa maneno. Vinyweleo vya mikono ya Mwanaidi vilisimama, na hakujua kwa nini mpaka alipoitikia salamu na kunyamaza kusikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na njia mbovu."

Chini ya maneno yale kulikuwa na pumzi. Pumzi nzito, yenye mkoromo, inavuta na kushusha. Sauti ilisema "marahaba" wakati uleule pumzi ikivuta. Sauti ilisema "njia mbovu" wakati uleule pumzi ikishusha. Hazikupeana zamu. Zilikwenda pamoja, kama watu wawili wanaotembea kwa hatua zisizolingana.

Mwanaidi alisogeza kiti chake mbele kidogo.

"Mzee, nimekuja kuuliza habari za kampuni. Nasikia ulikuwa hutaki mkopo."

"Nilikuwa sitaki."

"Ukabadili nia."

"Nilizeeka. Nikaona niwaachie vijana."

"Kabla hujaugua, kila mtambo ulioingia kiwandani uliupapasa kwa mkono wako. Boti hii uliipapasa?"

Pumzi peke yake iliendelea.

"Nilielezwa," ilisema sauti.

"Ukakiweka kiwanda kizima rehani kwa kuelezwa?"

"Afande," Badru aliingilia, "Mzee anachoka."

"Swali moja tu." Mwanaidi hakumtazama Badru. Alitazama pazia na kutega sikio chini ya sauti, kwenye mkoromo. "Swalehe Kindamba alikuja hapa siku aliyokufa?"

"Hakuja," ilisema sauti mara moja.

Lakini Mwanaidi alipotaja tu jina la Swalehe, mkoromo ulikuwa umekatika. Ulikatika kabisa, kama mtu aliyeshikwa kooni. Kisha ukarudi kwa kasi, mfupi mfupi, wakati sauti ikiendelea kueleza kwa utulivu kwamba hakumwona Swalehe tangu kikao cha mwisho.

Mwanaidi aliinuka.

"Bi Siti, naomba unionyeshe uani. Safari imekuwa ndefu."

Badru aliinuka nusu, akarudi kitini. Hakuna mwanamume anayeweza kumzuia mwanamke kwenda uani. Bi Siti alimtangulia kupitia ujia mwembamba uliozunguka chumba cha mgonjwa. Uani kulikuwa na jiko, mtungi wa maji, na mlango wa nyuma wa chumba kile kile, uliorudishwa bila kufungwa. Chini ya kizingiti palikuwa na jozi ya makubazi ya tairi. Tope lilikuwa bado bichi kwenye nyayo. Ukanda wa la kushoto ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa wavu, wa bluu.

Mwanaidi alichuchumaa bila kuyagusa.

"Ya nani haya, mama?"

"Ya shemeji," alisema Bi Siti, kisha akasimama kama aliyekanyaga mwiba.

"Shemeji yupi?"

Bi Siti alishika pindo la khanga yake akalikunja, akalikunja tena.

"Mama, mumeo hajatia mguu chini mwaka mzima. Haya yametembea leo asubuhi."

"Mwinyimvua," alisema Bi Siti kwa sauti ndogo. "Mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Watu wanajua yuko Umwe analima. Anakuja kwa njia ya mikoko, asionekane. Hata kukohoa wanakohoa sawasawa." Alivuta pumzi. "Daktari alituambia kichwani mwa Mzee hamna kitu tena, amebaki mwili. Badru akasema, tukilisema hilo wanahisa watachagua mwenyekiti mwingine, nyumba yenu itoke patupu. Mwinyimvua amsemee kaka yake kwa muda tu. Nikaona ni msaada."

"Na makubazi?"

"Niliyakuta mlango wa mbele niliporudi sokoni. Nikamuuliza shemeji. Akasema ni yake, nimwekee huku nyuma."

"Siku gani hiyo, mama?"

Bi Siti alifikiri. Mwanaidi aliliona jibu likimfikia usoni kabla halijamfikia mdomoni.

"Siku alipopotea Swalehe," alisema.

Mwanaidi alimwashiria anyamaze. Alivua viatu vyake, akausukuma ule mlango wa nyuma kwa ncha za vidole, akaingia.

Chumba kilikuwa na giza, na taa ya kandili iliwaka chini ya kitanda. Juu ya kigoda, mgongo wake kwa Mwanaidi, aliketi mwanamume mnene aliyevaa msuli. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na pazia, midomo inakaribia kugusa kitambaa, na alikuwa akizungumza. Alikuwa akimwambia Badru, upande wa pili, kwamba yule mwanamke anauliza mno. Aliyasema hayo kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kana kwamba ameisahau yake. Badru alimjibu "Ndiyo, Mzee," naye bila kujua.

Kitandani, dhiraa moja kutoka kwenye mdomo ule, alilala mwenye sauti. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa, kinywa kimepinda upande, kifua kikipanda na kushuka kwa mkoromo. Macho yalikuwa wazi, yakimtazama Mwanaidi. Mwanaidi alisogea hatua moja kushoto. Macho yakamfuata. Akasogea kulia. Yakamfuata.

Mwanaidi alipita nyuma ya kigoda, akashika pazia na kulivuta lote.

Badru alikuwa bado ameinamisha kichwa kwa heshima. Alimwona Mwinyimvua juu ya kigoda, akamwona Mwanaidi, akageukia mlango wa mbele. Barazani Koplo Mudrick aliinuka na kuujaza mlango.

"Kaa, meneja," alisema Mwanaidi. "Bodi imekamilika."

Badru alikaa. Baada ya muda alicheka kidogo. "Sawa. Tumemficha mgonjwa. Hilo ni la wanahisa na benki, si la polisi."

"Boti ya *Nasra* ilikuwa yako?"

"Ni biashara, afande."

"Makubazi ya Swalehe yako uani."

"Mimi sikai hapa. Muulize mwenye miguu."

Mwinyimvua alikuwa ameteremka kwenye kigoda na kukaa sakafuni, magoti yamekunjwa. Alimtazama Badru, akamtazama mke wa kaka yake. Kwa sauti yake mwenyewe, ilionekana, hakuwa na la kusema.

Mwanaidi aliwaacha. Alivuta kigoda kile kile mpaka karibu na mto wa kitanda, akakaa mbele ya macho ya mgonjwa. Alimwita Mudrick asogee ashuhudie, naye akaja akiwa amemshika Badru begani.

"Mzee Abdulswamadu, unanisikia? Kama ndiyo, fumba macho. Kama siyo, yaache wazi."

Kope zilishuka. Zilikaa chini muda, zikapanda.

Bi Siti, mlangoni, alitoa sauti ndogo.

"Kichwani hamna kitu," alisema Badru. "Ni mishipa tu inacheza. Daktari alisema."

"Mzee, mimi ni mwanamume?"

Macho yalibaki wazi, yakimkazia.

"Tuko Nyamisati?"

Yalifumba.

"Vikao vyote vilivyokaliwa ukumbini hapo, ulivisikia?"

Yalifumba.

"Uliukubali mkopo?"

Macho yalibaki wazi. Yalibaki wazi mpaka yakaanza kulengwa na machozi, mpaka chozi moja likashuka kuelekea sikioni, nayo hayakufumba. Mwanaidi alisubiri hadi alipokuwa na hakika kwamba kila mtu ameona. Bodi ilikuwa imekaa, mwenyekiti yupo, dhiraa moja tu kutoka kwenye kitambaa, akisikiliza kinywa chake mwenyewe kikigawa kazi ya maisha yake.

"Swalehe aliingia chumba hiki?"

Yalifumba.

"Alikukuta na Mwinyimvua?"

Yalifumba.

"Badru alikuwepo?"

Yalifumba kwa nguvu, mpaka ngozi ya paji ikakunjamana.

"Afande, hakuna mahakama itakayopokea habari hii," alisema Badru. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Maiti anakonyeza, mnaandika."

"Labda haitapokea," alisema Mwanaidi. Hakugeuka. "Mzee, Swalehe hakuzama mtoni; hata puani hakuwa na tope. Alizibwa pumzi hapahapa. Aliyemziba ni mdogo wako?"

Mwinyimvua aliinua kichwa. Macho ya kaka yake yaliteleza polepole kutoka kwa Mwanaidi, yakamfikia pale sakafuni, yakatulia juu yake. Hayakufumba.

Chumbani ulisikika mkoromo tu. Mwinyimvua alianza kutikisa kichwa kama mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa.

"Kaka," alisema. Ilitoka sauti nyembamba, ya kitoto karibu, isiyofanana hata kidogo na ile iliyotawala ukumbi. "Kaka, mimi nilimshika miguu tu."

Mudrick aliukaza mkono begani kwa Badru.

"Endelea," alisema Mwanaidi, "lakini ujue nitakaloandika litasomwa mbele ya hakimu."

"Alilivuta pazia. Akaniona. Akamwona kaka. Akacheka, si kwa ubaya, akasema basi yamekwisha, kesho naita wanahisa. Badru alikuwa uani. Akaingia kwa nyuma, akauchukua mto." Alinyoosha kidole kwenye mto uliokuwa chini ya kichwa cha kaka yake. "Huo. Akaniambia shika miguu. Baadaye tulimpitisha kwenye mikoko maji yalipojaa. Makubazi tukayasahau mlango wa mbele. Nikayavaa. Niliona nikiyavaa mimi, hayatakuwa ya mtu mwingine."

Badru alikuwa akiutazama mto.

"Tulimwekea tena kichwani," alisema Mwinyimvua. "Tulidhani hajui."

Walifungwa pingu ukumbini, kwenye viti vya wajumbe. Mudrick aliwatoa mmoja mmoja kwenda kwenye Landrova, na safari hii milango ya nyumba za jirani ilifunguka kidogo na macho yakachungulia. Mwinyimvua alikohoa alipopita, kikohozi kizito chenye mkwaruzo, na milango kadhaa ikafungwa tena.

Mwanaidi alibaki kuchukua makubazi na mto. Aliuinua mwenyewe kichwa cha mzee, akautoa mto ule, na Bi Siti akaleta mwingine bila kuambiwa. Kisha Bi Siti alipiga magoti kando ya kitanda, mahali ambapo macho ya mumewe yangemwona.

"Mume wangu," alisema. "Daktari alisema husikii."

Macho yalimtazama.

"Nilikaa hapa na shemeji tukazungumza habari ya sanda yako. Nilikaa hapa nikamwambia dada yangu bora Mungu angekuchukua, nimechoka. Nilikugeuza kama gunia, sikukuambia hata samahani. Yote hayo uliyasikia?"

Kope zilishuka, zikapanda.

Bi Siti alishika ule mkono usio na uhai, akauweka shavuni pake. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwanaidi alikuwa amekwisha funga daftari na kusimama mlangoni aliposikia swali la mwisho, lililoulizwa kwa sauti ndogo sana, likiwa halimhusu.

"Unanisamehe?"

Mwanaidi aligeuka kabla hajajizuia. Mkoromo ulikuwa umetulia, taratibu, karibu kama wa mtu mzima wa afya aliyepumzika.

Macho yalibaki wazi.